Mwanza–Dar kwa ndege ni kilomita ngapi hasa na inachukua muda gani? Mama anaunganisha ndege ya Mumbai

BintiMagu

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada wenu maana toka jana napiga hesabu hazikai sawa. Mama yangu anatoka Magu, anapandia ndege Mwanza anakuja hapa Dar, halafu siku hiyohiyo anaunganisha kwenda Mumbai kwa matibabu, mdogo wangu wa kiume ndo anamsindikiza mpaka huko. Tiketi ya Mumbai tumeshalipia kwa sababu hospitali ilishatoa tarehe ya kuonana na daktari, inaondoka saa 16:20. Ya Mwanza kuja Dar bado sijakata, na ndo hapo nilipokwama.

Nikitafuta mtandaoni umbali wa Mwanza na Dar kwa ndege napata vitu tofautitofauti, sehemu moja 850, nyingine 528, nyingine 459, afu kaka mmoja wa ofisi ya mabasi kaniambia ni 1,150 na ushee. Muda nao hivyohivyo, kuna panaposema saa moja na dakika 4, kuna saa moja na dakika 34, tiketi niliyoiona inaondoka 11:05 inafika 12:35 yaani saa moja na nusu, na kuna nyingine ya bei nafuu kidogo imeandika kama masaa mawili. Sasa nishike ipi? Sio kwamba nataka kujua tu, nataka nijue mama akishuka atabakiwa na muda gani. Miguu haimbebi vizuri, ngazi ni shida, na ndege hajawahi kupanda maishani mwake. Mimi nipo Tabata, nitampokea mwenyewe.

Ngosha_Segerea

Wangaluka dada. 850 hiyo ndo kilomita za angani, na muda ni saa moja na nusu, hiyo ruti mi naifanya sana kwa ajili ya biashara. Ukishuka 12:35 mpaka 16:20 una karibu masaa manne hapo, yanatosha kabisa, kata tiketi usiwe na wasiwasi.

mpima_viwanja

Dada hizo namba zako tatu za kwanza zote ni umbali mmoja. 850 ni kilomita, 528 ni maili za kawaida, 459 ni maili za baharini ambazo ndizo marubani wanazitumia, maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Chukua 459 zidisha kwa 1.852 utaiona hiyo 850 yako. Kwahiyo hakuna aliyekudanganya, ni kila mtandao una kipimo chake na wengi hawaandiki vizuri ni kipimo gani.

Na hata wewe mwenyewe unaweza kuhakiki kwa kalkuleta ya simu. Eapoti ya Mwanza ipo nyuzi 2.44 kusini na 32.93 mashariki, ya Dar ipo 6.88 kusini na 39.20 mashariki. Kwa kuwa tupo karibu na ikweta, nyuzi moja ni kama kilomita 111 ukienda kaskazini-kusini na karibu hivyohivyo ukienda mashariki-magharibi. Toa utapata tofauti ya 4.44 na 6.27, zidisha, unapata kilomita 492 kwa upande mmoja na 694 kwa upande wa pili, hapo tumia ile hesabu ya pembetatu ya mraba tuliyosoma sekondari, jibu linakuja 850 na pointi. Kwa safari ndefu kama hiyo ya Mumbai njia hii rahisi haifai, lazima uhesabu mviringo wa dunia, lakini kwa hapa nchini inakupa jibu zuri tu.

Hiyo 1,150 ya kaka wa basi nayo ni kweli ila ni ya barabarani. Basi linazunguka Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro ndo liingie Dar. Mstari ulionyooka haupiti huko, katikati ya safari unakatiza karibu na Kondoa. Ndo maana tofauti inafika kilomita 300.

Sasa hiyo 850 ni kutoka uwanja mpaka uwanja kwa mstari ulionyooka, ndege yenyewe haipiti hivyo kwa asilimia mia. Inaruka kwa kuelekea upepo unakotoka ndo igeuze, na kutua vilevile. Uwanja wa Dar njia yake ya kurukia imelala kaskazini-mashariki na kusini-magharibi, kwahiyo upepo wa kaskazi ukiwa unavuma ndege inayotoka Mwanza inabidi izunguke ije kutua kwa kutokea upande wa Pugu, na upepo ukigeuka inatokea upande wa pili kule mjini na baharini. Hapo umeshaongeza kilomita kadhaa ambazo hakuna mtandao unaozihesabu, na kama mbele kuna ndege nyingine zinatua utaambiwa usubiri angani kidogo.

BintiMagu

Asante sana mkuu, hapo kwenye umbali nimeelewa kabisa. Bado muda. Kama ni kilomita 850 na ndege inakimbia 800 kwa saa mbona isiwe saa moja tu na dakika chache?

MamaJ_kaunta

Mdogo wangu pole na mauguzi, Mungu amjalie mama apone. Mimi nimefanya kazi kaunta za eapoti miaka mingi kabla sijaacha nikalee wajukuu, acha nikueleze hapa taratibu maana watu wengi sana wanakosea hapahapa na nimewaona wanalia mbele yangu.

Ile saa moja na dakika 4 ni mtandao umechukua 850 ukagawa kwa 800, basi. Yenye dakika 34 imefanya hivyohivyo ikaongeza nusu saa ya kuruka na kutua. Hakuna hata mmoja hapo aliyeangalia ratiba ya shirika lolote. Muda wa kweli ni ule ulioandikwa kwenye tiketi, na ule unaanza kuhesabiwa ndege inapoanza kusogea kutoka pale ilipopaki mpaka inaposimama Dar wakaweka vile vizuizi kwenye matairi. Ndani yake kuna kutembea kuifuata njia ya kurukia, kusubiri zamu, kuruka, kupanda juu taratibu, kukimbia huko juu, kushuka, kutua, na kutembea tena mpaka maegesho. Ile spidi ya 800 na zaidi ndege inaipata ikishafika juu tu, na kwa safari fupi kama ya Mwanza ikishafika juu haikai sana inaanza kushuka. Ndo maana saa moja na nusu.

Tofauti ya saa moja na nusu na masaa mawili ni aina ya ndege. Airbus A220 ni jeti, inakimbia 800 na kitu. Zile ambazo watu wanaziita pangaboi ni polepole zaidi, Bombardier Q400 inaenda kama 650, na ATR inaenda kama 500, kwahiyo ATR ukigawa tu 850 kwa 500 umeshapata saa moja na dakika 42 kabla hujaweka ya kuruka na kutua. Hiyo tiketi ya masaa mawili bila shaka ni ATR. Sio ndege mbaya, tena kwa viwanja vifupi ndo zenyewe, ila kwa mama anayeunganisha nusu saa ni mali.

Sasa naomba usome hapa kwa makini. Wewe unauliza ndege inachukua muda gani, lakini cha kuuliza ni mama anatakiwa awe amesimama kaunta ya ndege ya Mumbai saa ngapi. Ndege ya kimataifa kaunta inafunguliwa kama masaa matatu kabla na mashirika mengi yanafunga saa moja kabla ya kuondoka. Saa 16:20 maana yake kaunta inafungwa 15:20, yaani saa tisa na dakika ishirini mchana. Ikifungwa imefungwa, hata ndege ukiiona pale nje kwa macho yako hawakupokei.

Haya turudi nyuma. Ndege ya Mwanza itue 12:35 kama ilivyoandikwa. Mtu asiyeweza ngazi anashushwa mwisho, weka dakika 15 au 20. Mizigo, weka nusu saa. Hapo ni saa saba na nusu hivi. Afu safari za kimataifa zinaondokea teminali 3, ile mpya iliyofunguliwa 2019, na ndege za ndani mara nyingi zinashushia teminali 2 ile ya zamani, majengo mawili tofauti, sio pa kumtembeza mgonjwa na masanduku, mnachukua gari mnazunguka. Soma tiketi zote mbili ujue zimeandika teminali ipi. Mpaka mfike mpite ukaguzi wa mlangoni ni saa nane. Kwahiyo ile karibu masaa manne aliyosema Ngosha ukiichambua mama anabakiwa na saa moja na dakika 20 tu kabla kaunta haijafungwa, na hiyo ni kama kila kitu kimeenda sawasawa.

Ngosha_Segerea

Mama shikamoo. Naheshimu unachosema ila saa moja na dakika 20 si bado ni muda wa kutosha? Mimi nimeunganisha kwa muda mdogo kuliko huo na nikafika.

MamaJ_kaunta

Marahaba mwanangu. Wewe ni kijana unabeba begi la mgongoni, unakimbia. Huyu ni mama wa watu miguu inamuuma, anasukumwa, hajui mlango upo wapi. Na mimi sipingi kwamba siku nzuri atafika. Nasema siku ambayo ndege ya Mwanza imechelewa masaa mawili, je?

Ndege za ndani hazilali uwanjani zikikusubiri wewe. Ndege moja asubuhi inaenda Mwanza inarudi, inaenda Kilimanjaro inarudi, inaenda Mbeya, ikichelewa kidogo asubuhi kwa ukungu au kwa kubadilisha kifaa basi kuchelewa kule kunasukumwa mbele safari kwa safari, ya mchana na ya jioni ndo zinaumia zaidi. Ndo maana aliyezoea anakata ya kwanza kabisa ya asubuhi.

Na kuna jambo kubwa kuliko yote, hizi ni tiketi mbili mbalimbali. Kama angekuwa na tiketi moja inayoanzia Mwanza mpaka Mumbai, ikichelewa ya kwanza shirika lina wajibu wa kumtafutia ndege nyingine, na mizigo inaandikwa Mwanza inapokelewa Mumbai. Tiketi mbili mbalimbali, shirika la pili halijui kama kuna ndege ya Mwanza imechelewa, kwao wao mama ni abiria ambaye hakutokea. Tiketi inaweza kupotea yote au mlipie kubadilisha, na tarehe ya daktari inapita. Bei ya kulala usiku mmoja Dar haifikii hata robo ya hasara hiyo, na wewe mwenyewe unakaa Tabata, hata ya hoteli hulipi.

BintiMagu

Mama J shikamoo, nimekusoma mara mbilimbili. Kwahiyo unanishauri aje siku moja kabla?

MamaJ_kaunta

Marahaba binti yangu. Ndiyo, aje siku moja kabla, tena kwa ndege ya mchana mwangaza ili asitoke Magu usiku. Magu mpaka Mwanza mjini ni kama kilomita 60, afu uwanja upo Ilemela huko mnapita Pasiansi, sio mjini katikati. Awe uwanjani masaa mawili kabla. Akifika Dar analala kwako anapumzika miguu, kesho yake saa sita mchana mnatoka Tabata kwa utulivu hata foleni ya Tazara ikiwa imefunga mna nafasi.

safari_ya_Bombay

Naongezea ya Mumbai kwa sababu nimemuuguza baba yangu huko. Dar–Mumbai ni kama kilomita 4,680 kwa mstari wa angani, ndege ya moja kwa moja inachukua masaa sita hivi. Uliza kama yenu ni ya moja kwa moja, maana kama inapitia Addis Ababa au Doha au Dubai hiyo hesabu inabadilika yote, na mama atatakiwa kushuka na kupanda tena.

Kingine ni saa. India wapo mbele yetu kwa masaa mawili na nusu, sio mawili wala matatu, ni mawili na nusu. Chukua hiyo yenu ya 16:20, weka masaa sita, Dar itakuwa saa nne na dakika ishirini usiku, lakini Mumbai itakuwa saa saba kasoro dakika kumi usiku na TAREHE IMESHABADILIKA. Kwenye tiketi utaona kajialama cha +1 pembeni ya saa ya kufika. Mwambie mtu wa hospitali anayekuja kuwapokea tarehe ya kufikia, sio ya kuondokea, sisi tulikaa nje ya uwanja mpaka alfajiri kwa ajili ya hilo tu, aliyetakiwa kutupokea alikuwa na tarehe nyingine.

Na saa za kwenye tiketi siku zote ni za pale mahali ndege ilipo, ya kuondoka ni saa ya Dar, ya kufika ni saa ya Mumbai. Ukitoa moja kwa nyingine bila kuondoa hayo masaa mawili na nusu utaona kama safari ni ya masaa nane na nusu, na wakati wa kurudi utaona kama ni matatu na nusu, watu wengi wanachanganyikiwa hapo.

Kuhusu miguu, usisubiri mpaka siku ya safari. Piga simu shirika la ndege, yote mawili, angalau siku mbili kabla uwaambie unaomba wilchea, ni bure. Watakuuliza swali, anaweza kupanda ngazi za ndege au hawezi, jibu ukweli usione aibu kwa sababu wana herufi zao wanaandika kwenye buking, WCHR ni wa kutembea mbali hawezi lakini ngazi anapanda, WCHS ni wa ngazi hawezi kabisa, WCHC ni wa kubebwa mpaka kwenye siti. Ukiandikiwa WCHR wakati ngazi hawezi, pale Mwanza mnapanda kwa ngazi za nje na hakuna aliyejiandaa kumpandisha. Na kwa sababu anaenda kutibiwa waulize kama wanahitaji ile fomu ya MEDIF ambayo daktari wake anaijaza, mashirika mengi wanaitaka kwa mgonjwa. Barua ya daktari na dawa zake ziwe kwenye begi la mkononi, zisiende kwenye mizigo ya chini.

mpima_viwanja

Hapo kwenye dawa naunga mkono. Na mwambieni mama kuhusu masikio, ndege ikianza kushuka kuja Dar yataziba, hasa kwa mtu wa mara ya kwanza anaweza kuogopa akadhani kuna tatizo. Mwanza ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na Dar ni kama bahari yenyewe, na humo ndani hewa wanaitunza kama vile upo mlimani, kwahiyo wakati wa kushuka presha inaongezeka masikio yanabanwa. Ampe pipi anyonye au ameze mate mara kwa mara, yanafunguka yenyewe. Ile ya Mumbai masaa sita amsimamishe kidogo kila baada ya muda au achezeshe vifundo vya miguu akiwa amekaa, na maji anywe, damu isilale miguuni.

BintiMagu

Jamani asanteni sana, sikutegemea kupata msaada mkubwa hivi. Nimeshaongea na mdogo wangu, wanakuja siku moja kabla kwa hiyo ya 11:05, jeti, na mama atalala kwangu. Tiketi ya Mumbai nimeiangalia ni ya moja kwa moja na kweli kuna +1 pembeni nilikuwa hata sijaiona, hospitali tuliwaandikia tarehe ya kuondoka, kesho asubuhi nawatumia ujumbe warekebishe. Wilchea nitaomba ya WCHS kwa ndege zote mbili.

Kaka mpima_viwanja samahani, jirani yangu hapa anauliza na Kigoma nayo ni kilomita ngapi kutoka Dar, maana anataka kumleta bibi yake.

mpima_viwanja

Kigoma ni mbali kuliko Mwanza, ni kama kilomita 1,075 kwa mstari wa angani. Kwa kulinganisha, Nairobi kutoka Dar ni kama 670 tu. Kwa jeti aweke saa moja na dakika 45 mpaka masaa mawili, kwa pangaboi zaidi ya hapo, na aangalie kama ndege inaenda moja kwa moja au inapitia Tabora, kwa sababu kila inapotua njiani ongeza angalau saa moja. Na kama bibi anaunganisha kwenda nje, asome alichoandika Mama J hapo juu.

MamaJ_kaunta

Ya Kigoma haziendi nyingi kwa siku kama za Mwanza, ikiahirishwa inaweza kuwa mpaka kesho yake. Huyo bibi kama anaunganisha aje siku mbili kabla.